Shuka na wa kushoto: nyota mbili kwa sacco yetu ya Jogoo Road

Jina la sacco, yaani ushirika wenye hizi matatu, naliacha, kesi bado iko mezani. Nianze na mazuri nisionekane nina chuki. Magari ni mapya, viti havijararuka, muziki wanapunguza ukiwaomba, na asubuhi husimami steji ukizubaa maana gari inajaa haraka. Nauli haipandi ovyo, labda mvua inyeshe, na ya mvua nani Nairobi hajui. Mikanda ipo ila imefungwa fundo nyuma ya kiti, ile tulikimbizana nayo enzi za waziri wa uchukuzi Michuki 2004 siku hizi inatolewa tu polisi wakionekana mbele. Ukiangalia safari peke yake ningewapa nne.

Sasa vile zilibaki mbili. Jioni moja natoka tao na mfuko wa vitambaa, mimi ni fundi wa nguo, tunakaribia steji ya Hamza konda akagonga bodi akaanza, "shuka na wa kushoto mathe, wa kushoto!" Gari haijasimama, inatambaa tu. Nikatoa huo mguu wa kushoto na dere naye akakanyaga mafuta, nikaangukia mkono wa kulia, mfupa niliusikia ukilia kabla hata sijasikia uchungu. Konda alichungulia mlangoni akasema "pole mathe" na gari ikaenda zake na mguu wake mmoja bado unaning'inia nje.

Kijana wa smokie pale steji ndo alinyanyua mfuko wangu, na akili yake ilikuwa moto kuliko yangu, namba ya gari aliiandika kwa karatasi ya kufungia mayai akanitilia mfukoni. Hiyo karatasi nyinyi msiicheke. Polisi walipoandika OB, kile kitabu chao cha matukio, swali la kwanza lilikuwa gari gani, la pili nitaonyesha vipi nilikuwa ndani yake, na matatu haina tikiti. Bahati siku hiyo sikuwa na keshi, konda alinuna lakini nikalipa na M-Pesa, kwa hivyo meseji ipo na saa yake. Kutoka hapo nikapata abstrakti ya polisi iko na namba ya gari na kampuni ya bima, daktari akajaza P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, nikafungwa plasta wiki sita.

Ofisi ya sacco sasa. Ngazi nyembamba, ghorofa ya tatu, mkono kwa shingo. Jamaa wa mezani alinipokea vizuri sana, nikaletewa hadi soda, akasema mwenye gari ni mtu wa Mungu na atanisaidia. Kumbe msaada ni elfu tano, na karatasi ya kuweka sahihi kwamba nimeridhika na sitadai tena. Elfu tano! Eksirei na boda za kwenda kliniki zilikuwa zishaimaliza. Nilimwambia mkono wa kuweka sahihi ndo huo uko kwa plasta. Hakucheka. Hapo ndo zile nyota mbili zilianguka, maana kuanguka kwangu naweza kusema ni haraka ya jioni, lakini ile karatasi mtu alikaa chini akaiandika, akapiga kopi, ikawekwa kwa droo ikingoja mtu kama mimi.

Wakili ndo alinifungua macho. Bima ya gari ya abiria ni lazima kisheria, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na dereva akipatikana na kosa bima inalipa abiria aliyeumia, kwa mtu mmoja mwisho ni milioni 3. Kushtaki una miaka 3 tangu siku ya ajali. Akanionya pia kwamba watasema nilishuka mwenyewe gari ikitembea, na korti ikikubali inanikata sehemu ya pesa. Pesa niliyotumia lazima niionyeshe na risiti, ya boda haina risiti basi hiyo imeenda. Kazi niliyokosa nayo? Nilimpelekea kauntabuku yangu ya vipimo vya wateja, kiuno, mabega, deposit, tarehe, akaipitia ukurasa kwa ukurasa akasema hii ni dhahabu mama. Wiki sita zile ziko tupu kabisa.

Binti ya dada yangu yeye alimwagikiwa chai ya moto pajani ndani ya ndege akirudi kutoka Doha, na kabla hawajatua JKIA wahudumu walishajaza fomu na jina lake na namba ya kiti. Wakili akaniambia safari za ndege za kimataifa ziko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa fidia ya abiria, Kenya iko ndani, ukiumia kwa ajali ndani ya ndege au ukipanda au ukishuka hadi kiwango fulani huhitaji kuthibitisha rubani alikosea, ila muda wa kushtaki ni miaka 2 tu. Hapo kwa kushuka nilimfanya arudie mara mbili.

Bado nawapanda, zile zingine za njia yetu ni mbaya zaidi. Nalipa na M-Pesa wanune wasinune, na namba ya gari naipiga picha kabla sijaingia. Juzi karibu na Hamza konda akaanza tena na wa kushoto wake. Nikakaa. Akaniuliza kama nimelala, nikamwambia nangoja gari isimame, wa nyuma wakaanza kulalamika nawachelewesha, dere akasimamisha mbele kabisa ya steji na nikarudi kwa miguu.