Tomi kashonwa kano ya mguu wa nyuma, uzoefu wangu

Kwa mnaouliza kama oparesheni ya kushona kano ya mbwa (ule ukamba unaoshikiza msuli kwenye mfupa) inalipa, kwangu imelipa, ila msidanganyike na siku ya kisu, shughuli yenyewe iko baada ya hapo na hela nyingi inaishia hukohuko.

Tomi ni chotara wa jamanshepadi, mlinzi wa nyumbani hapa Dar. Alijikata na bati la uzio nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Kidonda ukikiangalia kidogo tu, akaja mtaalamu wa mtaani akashona ngozi, akachoma sindano ya antibayotiki, akachukua chake akaondoka. Ngozi ikapona vizuri kabisa lakini mbwa sasa anatembea kama sungura, kisigino chote kinagusa chini. Ndo nikaanza kutafuta kliniki yenye daktari wa upasuaji, maana wengine walishaanza kuniambia nimpeleke SUA Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya chuo kikuu cha kilimo, na usafiri wa mbwa mnaujua wenyewe.

Daktari hata mashine hakuanza nayo. Alimlaza ubavu, akanyoosha goti kwa mkono mmoja, akakunja kifundo kwa mkono mwingine, kikakunjika chote bila kubisha. Akasema kano ikiwa nzima hicho kitu hakiwezekani, goti likinyooka na kifundo lazima kinyooke nalo. Altrasaundi ikaonyesha kweli, ncha mbili zimeachana na katikati kumejaa kovu. Kumbe pale kwenye kisigino siyo kano moja, ni fungu, kuna ya msuli wa shavu la mguu ambayo ndo kubwa, na kuna nyingine inapita juu ya kisigino inaenda mpaka vidoleni. Ikibaki hiyo ya vidole peke yake mbwa anashuka kisigino huku vidole vimejikunja. Ya Tomi fungu zima lilikuwa limekwenda, na kwa sababu tulichelewa ncha zilikuwa zimejivuta, kwa hiyo ikabidi kovu likatwe kwanza ndo zivutwe zikutane.

Alishona kwa uzi usioyeyuka, vitanzi vitatu kila kimoja na pembe yake ili ncha zisiachane, maana nafasi ya milimita 3 tu katikati inatosha kuifanya kano ipone dhaifu. Halafu skrubu kutoka mfupa wa kisigino kuingia kwenye muundi ili kifundo kisikunjike, juu yake hogo, yaani plasta ngumu (P.O.P.). Jumla nilitoa laki tisa na ushee ukiweka kila kitu.

Sasa baada ya hapo jamani. Wiki 6 mpaka 8 mguu haukunjwi, mbwa yuko bandani, kutoka ni kwa mnyororo kwenda kukojoa tu na koni ya plastiki shingoni, na huyu ni mbwa aliyezoea kubwekea kila bodaboda. Mvua ikinyesha unavalisha mguu mfuko wa dripu uliokwisha, walinipa wenyewe bure (rambo si zilipigwa marufuku 2019, na huu mgumu zaidi hata hivyo). Hogo linabadilishwa mara kwa mara na kila mara unalipa. Kuna wikiendi lilianza kutoa harufu, nikapiga simu Jumapili nzima hakuna anayepokea, Jumatatu kulifungua tukakuta kidonda cha kusuguliwa kwenye ncha ya kisigino. Walikitibu bila kunidai, lakini kliniki inayofunga watu mahogo iwe na namba ya dharura bwana.

Maumivu alipewa meloksikamu ya mbwa kwa kipimo cha kilo zake. Za kwetu za dukani, diklofenaki na ibuprofeni, msimpe kabisa, zinatoboa tumbo na kuua figo.

Nilichowapenda, waliniambia tangu siku ya kwanza kwamba skrubu itatolewa baadaye, yaani usingizi mwingine na bili nyingine, na kwamba kwenye wiki ya 6 kano inakuwa na kama nusu tu ya nguvu yake, hata mwaka ukiisha haifiki mia kwa mia. Kwa hiyo hogo lilipotoka hakuachiwa akimbie, ilikuwa kutembezwa taratibu, tunaongeza kidogokidogo.

Saa hizi anakanyaga vizuri, kisigino kiko juu, pamebaki unene kidogo pale na asubuhi za baridi anachechemea hatua za kwanza. Ukuta haruki tena na bati nimeshaling'oa. Nawapa nyota 4, Jumapili ile imekula moja.