Braketi nimezisamehe, aliyeniuzia bado
Naandika hasira haijaisha, mtanivumilia. Juzijuzi nilinunua braketi, vile vyuma vya pembe vya kubebea rafu, skurubu na plagi za plastiki za kutia ukutani skurubu ishike, kwenye duka moja la hadiwea hapa Lamu, nataka rafu mbili za jikoni. Mbao nilikuwa nazo, nikakata mwenyewe, nikapiga msasa mpaka zikateleza. Nikamwambia yule bwana wazi kabisa, nyumba yetu ni ya kale, ukuta ni matumbawe na chokaa, zitashika hizi? "Zitashika tu dada," huku macho yake yako kwenye simu.

Hazikumaliza hata wiki. Usiku tukasikia kishindo, kwenda jikoni iliki na manjano zimetapakaa sakafu nzima na chungu cha marehemu bibi vipande vipande, chungu alichotupikia miaka yote. Nikataka kumrudishia braketi zake asubuhi, akacheka mbele za wateja eti rafu si kazi ya wanawake, nitafute fundi. Wallahi nilitetemeka.

Nikaapa hizo braketi ni takataka. Lakini haki isemwe, hata moja haikupinda. Jirani yetu, mzee wa kuunda majahazi, alikuja akakwaruza lile shimo kwa ukucha, chokaa ikamwagika kama unga. Plagi zilikuwa fupi, zimeishia kwenye chokaa, jiwe hazijalifikia, na mimi nilitoboa drili ikiwa inagonga ndio mashimo yakapanuka. Tukatoboa upya pembeni bila kugonga, tukapuliza vumbi lote, tukatia plagi na skurubu ndefu, na ule mkono mrefu wa braketi tukaulaza ukutani, mimi nilikuwa nimeuweka chini ya mbao. Mzee akasema ndio maana wa kale walijenga zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, ndani ya ukuta wenyewe. Sasa rafu imetulia, naweka mpaka kinu.

Kwa hiyo braketi ni nzuri, nunueni, ila zipakeni rangi kwanza, hewa hii ya bahari ishaanza kuzitia kutu kwenye matundu.

Ila yule bwana! Anauzia watu wa Mji wa Kale kila siku, kuta hizi anazijua kuliko mimi, na skurubu ndefu zilikuwa nyuma ya mgongo wake. Nimezijuaje? Nimezinunua pale pale, kwa kijana wake, tena yeye ndiye aliyeniuliza, "ukuta wa nini dada?" Kijana yule nitamrudia. Huyo mkubwa akiwepo, napita.