Kliniki ya tezi ya shingo hapa Ngamiani, Tanga: nyota nne, ya tano mtaipata dawa zikiacha kukatika

Nimesubiri miezi saba ndo naandika, sikutaka niandike kwa furaha ya siku ya kwanza halafu mwili unigomee tena.

Mie fundi cherehani, nakaa Makorora. Miaka miwili nilikuwa nachoka uchovu ambao wala si wa kazi, naamka asubuhi kama nimelima usiku kucha. Joto la Tanga la mwezi wa pili, watu wamehamia barazani, mie nimejifunika kanga mbili na soksi miguuni. Nywele zinabaki kwenye kitana, sauti nzito, choo cha tabu, hedhi inakwenda siku tisa, na mwili unaumuka tu japo sili cha maana. Majirani wakasema ndoa imemkubali. Mama mkwe, Mungu ambariki alikuwa na nia njema, akaniletea kombe, yale maji ya aya za Kurani, nikanywa siku saba. Hospitali nimekwenda mara nne, sehemu tofauti tofauti, nikapewa dawa za malaria, za taifodi, vidonge vya kuongeza damu, pahala pamoja nikaambiwa ni mawazo nipumzike. Hakuna hata mmoja aliyenishika shingo.

Hapa dokta alichofanya kwanza akasimama nyuma yangu akaniwekea vidole shingoni akasema dada meza mate, haya meza tena, maana tezi ya shingo inapanda ukimeza. Akanigonga nyuma ya kifundo cha mguu na kinyundo, mguu ukaruka ila kurudi ukarudi polepoleee mpaka mwenyewe nikaona. Akauliza hedhi, choo, baridi, nywele, yaani kila kitu nilichokuwa naona haya kusema kwa pamoja nisionekane mlalamishi, yeye ndo anakitafuta. Jamani mie nililia pale pale. Nilidhani nina magonjwa sita kumbe ni moja, ile homoni ya tezi ndo inayoendesha moyo, joto la mwili, utumbo, hedhi, ngozi, ikipungua vyote vinazorota.

Damu wakachukua, kipimo cha TSH pamoja na T4, yaani homoni yenyewe ya tezi, nikalipa elfu sitini kwa vyote viwili na bima hapa hawachukui mjue kabisa. Majibu siku ya pili, TSH 46 wakati ya mtu mzima wa kawaida inachezea kama 0.4 mpaka 4. Nikajua basi tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi. Dokta akageuza karatasi akanichorea, TSH haitoki shingoni, inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo kinaitwa pituitari, kazi yake kuiamrisha tezi ya shingo itengeneze homoni. Ni kama mama anamwita mtoto dirishani, mtoto asipoitika mama anazidi kupaza sauti. Kwa hiyo kwangu mie namba kubwa maana yake homoni ndogo. Hakuna siku nilishawahi kueleweshwa ugonjwa wangu hivi, na foleni nje ilikuwa imejaa na hakunikimbiza.

Kipimo kingine kikaonyesha ni Hashimoto, kinga ya mwili wangu mwenyewe ndo inaishambulia tezi. Jina la daktari wa Kijapani aliyeuandika ugonjwa huo mwaka 1912. Hapa niseme kitu, shoga angu alishaniletea unga wa mwani, huu mwani unaolimwa pwani yetu hii, ati tezi inataka madini joto. Dokta akasema acha, chumvi ya dukani yenye madini joto inatosha, kwa mwenye Hashimoto madini joto yakizidi yanaweza kuizidishia tezi balaa. Na mie nilikuwa nakoroga vijiko viwili kila siku!

Nesi wa dirisha la dawa nampa nyota zake peke yake. Kabla hajanipa livothairoksini, vidonge vya kujazia hiyo homoni ya tezi, akaniuliza chai unakunywa saa ngapi, nikamwambia nikiamka tu, chai ya maziwa na mkate wa kumimina. Akasema basi dawa na maji matupu kwanza, chai baada ya nusu saa mpaka saa nzima, maziwa yanaizuia dawa isiingie vizuri, na vidonge vya kuongeza damu viachane nayo masaa manne. Ramadhani akanipangia niamke nusu saa kabla ya daku. Akanikataza kuiweka jikoni au dirishani, joto linaiharibu.

Wiki sita nikapima, 46 ikashuka 11, wakaongeza dozi, sasa hivi 2.8. Kilo zimeshuka nne tu, msitegemee kurudi wembamba, lakini baridi imekwisha na nakaa kwenye cherehani mpaka magharibi.

Sasa lawama. Wanafungua kliniki ya tezi siku mbili tu kwa wiki, benchi liko juani, wazee wanaungua pale. Na mwezi wa tano dawa ikakatika siku tisa bila kutuambia, namba zetu za simu wanazo, nikatumiwa na shangazi kutoka Dar kwenye basi. Dawa ya kumeza maisha haifai kukatika hivi, naomba uongozi mlitazame hili, mie nilikuwa na shangazi, asiye naye je?

Mnaokuja bebeni vyeti vyote vya zamani, njooni kabla ya saa moja. Na kama unameza vile vidonge vya kukuza nywele vyenye baiotini sema mapema, vinavuruga majibu, mie walinirudisha nyumbani nikaviacha siku mbili ndo wakanitoa damu.