Rafu ya hadithi kwenye maktaba ya chuo chetu Pemba: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Nasomea ualimu, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Chake Chake. Jina la chuo silitaji kwa sababu nina malalamiko nitakayoyatoa humu, na sitaki mtu aulizwe ofisini kwa ajili yangu. Ninachotaka kukieleza ni rafu moja ya mbao, haifiki hata kifuani, iliyowekwa mkabala na mlango wa maktaba mwaka jana. Imejaa riwaya, hadithi fupi na mashairi. Hakuna kitabu cha mtihani hata kimoja.

Kabla ya hapo riwaya zilikuwepo, ila hazikuonekana. Maktaba yetu inapanga vitabu kwa namba za Dewey, yaani kila mada ina namba yake, kama maktaba nyingi, na kwa namba hizo fasihi ya Kiswahili inaangukia 896.392, mwisho mwisho wa mia nane ambazo ndizo namba za fasihi, baada ya Kiingereza, Kifaransa, Kigiriki na wengineo wote. Kwa hiyo hadithi zetu zilikuwa kwenye kona ya ndani kabisa, jirani na vitabu vya historia, zimebanana, migongo tu ndiyo inayoonekana. Ukijua jina la kitabu, namba inakufikisha. Lakini anayetaka kitu cha kumburudisha hana jina kichwani, na mimi mwaka wangu wa kwanza wote sikufika kwenye kona ile.

Sasa vitabu vinakutazama kwa majalada. Unavua viatu mlangoni na tayari umeshaona picha tano sita.

Masharti ni mepesi. Unaazima wiki 2, na unaweza kuongezewa kama hakuna anayekingoja. Ukichelewa hulipi faini, ila hupewi kingine mpaka urejeshe. Siku ya kwanza nilisimama pale sijui nishike kipi, mkutubi akanijia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Chukua hiki. Ukifika ukurasa wa 30 hakijakukamata, kirejeshe tu, sikuulizi kitu."

Akapiga muhuri wa tarehe, basi. Hakuna fomu, hakuna "umejifunza nini". Nimesoma tangu skuli ya msingi, na sikumbuki kama niliwahi kuambiwa kwamba kitabu nisichokipenda naweza kukiacha.

Alichonipa ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, na Bwana Msa na kiko chake anaingia kutafuta muuaji. Nilikianza ndani ya gari ya Konde nikienda nyumbani Alhamisi jioni, na nilikuwa bado nasoma utingo aliponiambia tumefika.

Usiku ule umeme ulikatika. Nikawa nasoma kwa taa ya sola ukumbini, bibi yangu yuko kitandani kwake anavuta uradi. Alipomaliza akaniuliza nasoma nini kimya kimya namna ile. Nikamsomea kurasa mbili kwa sauti, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Bibi anasoma msahafu, na barua zake za ujanani aliziandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi hizi za skuli hazijui. Riwaya alikuwa hajapata kusomewa. Alinirudisha nyuma: "Hebu pasome tena pale alipoingia yule." Alimshuku mtu, akambadilisha, akamshuku mwengine. Nikarudi chuoni, na kila wikiendi nikifika mlangoni swali lilikuwa moja: yule bwana wa kiko amefika wapi? Nilikuwa nimeshakimaliza peke yangu, sikumwambia. Niliomba niongezewe wiki 2 nyengine kwa ajili yake.

Jengine zuri ni la likizo. Chuo kikifungwa unaruhusiwa kuondoka na vitabu vitatu mpaka mtakaporudi. Mwenzangu wa chumba kimoja alikwenda navyo shamba msimu wa karafuu. Anayeanika karafuu kazi yake kubwa ni kukaa karibu na majamvi na kuangalia mvua, na kitabu kinafaa sana mahali pale. Kimoja kilirudi kinanukia karafuu mpaka leo.

Malalamiko sasa. Katikati ya mwaka mwalimu mmoja, kwa nia njema najua, aliona wanafunzi wanaazima sana, akaamua kila kitabu kitoe alama 5 kwa atakayeandika muhtasari wa ukurasa mmoja. Ndani ya wiki mbili vitabu vyembamba vyote vilitoweka rafuni, na vile vinono vikabaki vinatazamana na mlango. Watu walinakili mihtasari kwenye simu. Rafiki yangu aliyekuwa nusu ya riwaya moja nene aliirejesha ili achukue kijitabu cha kurasa 60. Iliniuma, kwa sababu alikuwa anaifurahia, kila usiku alikuwa ananihadithia alipofika. Tulikwenda kumwona mwalimu, mkutubi naye akazungumza, na mpango ule ukaondolewa. Mwalimu alitusikiliza, hilo namshukuru. Ila yule rafiki yangu mpaka leo hajairudia riwaya yake.

La pili ni saa. Maktaba inafungwa saa 10 jioni. Vipindi vinaisha saa 9 na nusu, kisha tunasali Alasiri, na ukitoka msikitini mlango unafungwa. Ijumaa ndiyo kabisa. Saa moja tu ya ziada, mara mbili kwa wiki, ingetosha, na wanafunzi wa kukaa zamu mezani tupo, mimi wa kwanza.

Na nakala ni chache. Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa Zanzibar, apate Nobel ya fasihi 2021, kila mtu anataka kumsoma. Yeye huandika kwa Kiingereza, na tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022. Rafuni iko nakala moja. Mkutubi ameivalisha nailoni kwa sababu ya unyevu wa masika, na anaweka daftari la wanaoingoja. Mimi ni wa sita. Kila mmoja akikaa nayo wiki zake 2, nitaipata baada ya wiki 10, na nimeshamwahidi bibi kwamba hiyo tutaianza pamoja, ukurasa wa kwanza.