Rivyu ya filta ya bure ya Cloudflare ya kuzuia saiti za ngono: wekeni na kwenye simu zenu wakubwa

Kama una watoto nyumbani wanaoshika simu hii kitu naipendekeza kabisa, ni bure na hakuna apu ya kupakua. Cloudflare, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, waliitoa Aprili 2020. Kwenye Android kuanzia toleo la 9 unaingia setingi, upande wa mtandao, unatafuta Private DNS (DNS ndo inayoitafutia simu saiti kwa jina lake), unaandika family.cloudflare-dns.com, unasevu, basi. Ukijaribu kufungua saiti ya ngono inagoma kama vile haipo, na zile za virusi nazo inazizuia. Raha yake inafanya kazi kwenye waifai na kwenye bando, maana ukiweka kwenye ruta peke yake (huko unajaza 1.1.1.3 sehemu ya DNS) mtoto akiwasha data tu ashatoka.

Mapungufu yapo. Inazuia saiti kwa jina lake, kwa hiyo video ikirushwa kwenye grupu la WhatsApp au Telegram inapita kama kawaida, kijana akiwasha VPN (apu inayopitisha intaneti njia nyingine) napo filta haina kazi, na anayezijua setingi anaizima maana haina paswedi.

Ila kinachoniumiza ni sisi tunaoiweka. Nimewawekea watu kadhaa hapa mtaani na wengi ombi lao ni lilelile, weka ya watoto, weka ya dada wa kazi, yangu acha. Baba mmoja akaniambia "mimi mtu mzima mdogo wangu, hivi vitu havinifanyi kitu, hawa vijana ndo vinawaharibu", na huyohuyo ndo kila siku analia serikali ifungie kila kitu. Tabia hii imeshachunguzwa jamani, mwanasosholojia Mmarekani W. Phillips Davison aliiandikia 1983, kwamba mtu huona yanayotoka kwenye vyombo vya habari yanawaathiri wengine kuliko yeye, halafu 1995 mtafiti Albert Gunther akaiangalia kwa upande wa ponografia hukohuko Marekani, akakuta kadiri mtu anavyoona wengine wanaathirika kuliko yeye ndivyo anavyounga mkono izuiwe.

Mimi sipingi kuzuia, watoto lazima walindwe na tena haraka. Lakini simu ya baba isiyo na filta ndo hiyohiyo mtoto anaiomba jioni acheze gemu! Huduma naipa nyota 4, na siku hizi anayeniita nimsaidie naanza na simu yake mwenyewe, akikubali ndo tunaenda kwenye za wengine.