SodaStream kwa soda ya tangawizi na iliki
Kwa soda ya viungo isiyo na kilevi, SodaStream, mashine ya nyumbani ya kutia gesi kwenye maji, inaishinda njia ya hamira: hakuna kuchachuka, hivyo hakuna pombe wala chupa kupasuka kwa gesi ya hamira. Ila tia gesi kwenye maji matupu tu, tena baridi sana, maana maji ya vuguvugu hayashiki gesi vizuri. Ukitanguliza shira, povu litafurika hadi kwenye mashine.

Shira: tangawizi mbichi gramu 200 iliyotwangwa, sukari gramu 250, maji nusu lita, iliki 6, karafuu 3 (zikizidi, uchungu). Chemsha dakika 20, chuja kwa kitambaa kizito, kwani makapi hufukuza gesi. Ikishapoa kabisa, kamulia ndimu. Kipimo ni shira sehemu 1 kwa maji ya gesi sehemu 4. Mimina taratibu, usikoroge kwa nguvu.

Kabla ya kununua, ulizia kwanza mtungi wa gesi wa mashine (kaboni dioksidi, si gesi ya kupikia) unabadilishwa wapi.