Kuzuia maji kwenye gari la rimoti: nusa kabla hujalipa

Tangu mvua zianze huku Mtwara natumiwa picha za aina moja tu. ESC, kile kisanduku kinachodhibiti umeme wa mota, imefunguliwa, bodi yake imefunikwa silikoni safi kabisa, ukiibandua chini yake shaba imeota kijani na gari haliendi. Na wote mnauliza kilekile, dada mbona nilipaka vizuri na maji hayakuingia? Ni kweli hayakuingia. Kilichoua bodi ni hiyo silikoni yenyewe.

Hapa naomba mnielewe maana ndo penyewe. Silikoni nyingi za dukani, hizi za mafundi wa aluminiamu na za matangi ya samaki, wakati zinakauka zinatoa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki, ndo maana ukikamua tu inakupiga harufu ya siki puani. Kwenye kioo haina shida yoyote, inaishia hewani. Kwenye bodi inafungiwa chini pamoja na unyevu wa pwani yetu na inakula shaba taratibu, unaendesha vizuri tu halafu sevo, kale kamota kanakogeuza magurudumu, inaanza kutetemeka yenyewe, gari linakata kona bila kuambiwa, mara kimya. Watu wanabishana bei na rangi na sijui inavumilia joto kiasi gani, harufu hakuna anayeuliza! Tyubu ikiandikwa "acetic" au "acetoxy" rudisha, unayotaka imeandikwa "neutral".

Chaguo langu la kwanza ni MG Chemicals 422B ya Kanada, na sifichi kwamba naipendelea. Hii ni vanishi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi za elektroniki, siyo ya madirisha. Ipo ya kupuliza na ipo ya chupa ya mililita 55 yenye brashi kwenye kifuniko, chukua ya chupa, maana ya kupuliza inaingia kwenye plagi na vanishi ikishaingia humo umeme haupiti. Halafu inang'aa ukiimulika na taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, yani unazima taa ya chumba unaona kabisa wapi umepaka na wapi umeruka. Bodi isafishe kwanza na spiriti. Ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji ndani yake, kwahiyo ukitumia hiyo acha bodi ikauke kabisa ndo upake, matabaka mawili membamba. Vitufe na plagi usiguse, na ukifungua sevo usipake potenshometa, ndo inayoiambia sevo imegeuka kiasi gani, ukiipaka umeiua.

Ya pili silikoni ya neutral, kwa kuziba pale nyaya zinapoingilia kwenye kisanduku cha risiva, ile inayopokea mawimbi ya rimoti, na kwenye maungio ya sevo. Ya tatu CorrosionX ya Marekani, hii ni mafuta, nzuri sana kwa mota na beringi na plagi ila inaisha, lazima urudie.

Kuna wanaotaka kununua ESC iliyozibwa kiwandani wamalize kesi, kama za kampuni ya Traxxas au WP 1060 ya kampuni ya Hobbywing. Ni nzuri na mimi nazikubali, lakini mwongozo wa Traxxas wenyewe unakataza maji ya bahari na sisi tunaendeshea wapi? Shangani, Mikindani, Msimbati maji yakikupwa. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi na zikikaukia kwenye beringi au plagi kutu haichelewi. Kwahiyo ukitoka ufukweni toa betri, suuza gari kwa maji baridi ya bomba, kausha, tia mafuta beringi, hata kama lote ni la kiwandani. Na kisanduku cha risiva cha Traxxas ile oringi yake, pete ya mpira inayoziba maji, inataka grisi ya silikoni, ukikifungua pakaza upya.

Za bei ya chini: puto kwenye sevo linasaidia siku ya mvua, kwenye ESC hapana kwa sababu inachemka. Rangi ya kucha inapasuka. Basi.

Wauzaji sasa. Kuna mmoja wa Kariakoo, jina naliacha, nimemwagiza neutral na nimemwandikia kwa herufi kubwa, akapakia kwenye basi ile ya siki halafu kwenye simu ananiambia "dada zote ni silikoni". Nauli ya kifurushi kuja Mtwara nimelipa mimi, kukirudisha Dar nilipe mimi tena, yeye hajapoteza hata mia. Na bei akishasikia uko Kusini inapanda, eti mbali, wakati usafiri tunalipa wenyewe! Inaniuma kwa sababu kijana wa Chikongola aliyejichanga miezi kupata gari lake anaharibiwa bodi na mtu ambaye hajawahi kusoma mgongo wa tyubu anayouza. Kabla hujatuma hela mwambie akupigie picha ya nyuma ya tyubu, maandishi yasomeke, na uelewane naye kabisa kwamba ikija nyingine nauli ya kurudisha ni yake. Akikataa tafuta mwingine.